Si Mwili Unaozoea Dawa: Mwanafunzi wa Udaktari na Usugu wa Vimelea

Mwanafunzi wa udaktari anayelala bwenini Upanga na kurudi kwao Mbagala mwishoni mwa juma hana mapumziko. Kabla hajavua viatu, jirani amekwisha kuingia uani akiwa na mfuko mdogo wa nailoni mkononi. Ndani ya mfuko mna kapsuli nne za rangi mbili, mabaki ya dawa za mwezi uliopita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Hii UTI yangu imekuwa sugu. Nimekunywa hizi, nimechomwa na sindano, bado mkojo unaniunguza. Na huyu mjukuu mafua hayamwachi tangu juzi. Nimfungulie nusu ya hizi, au kuna nyingine iliyo kali zaidi?"

Wiki mbili kabla ya hapo, mwanafunzi huyo aliandika katika mtihani, kwa Kiingereza kilichonyooka, jinsi bakteria wanavyotengeneza vimeng'enya vinavyoivunja penisilini. Alipata alama nzuri. Sasa, mbele ya mama aliyemjua tangu utotoni, anayatafuta maneno na hayapati. Mwishowe anajibu kama mtaa mzima unavyojibu: "Mama, mwili wako umeshaizoea hiyo dawa. Itabidi ubadilishe."

Kisa hiki hakina jina la mtu kwa sababu ni cha wengi. Kinaweza kutokea Mbagala au Tandika, Tandale au Bunju, kila mahali ambapo familia imebahatika kumpeleka kijana chuo cha tiba. Jibu la mwanafunzi lina makosa mawili. La kwanza ni kusema kwamba mwili ndio uliobadilika. La pili ni kumrudisha mama dukani kutafuta dawa kali zaidi, ilhali hakuna aliyepima mkojo wake kujua kama kweli una bakteria, na ni bakteria gani. Kosa la pili linazaliwa na la kwanza.

Anayebadilika ni nani?

Antibiotiki ni dawa zinazoua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Hazina nguvu juu ya virusi, na virusi ndivyo vinavyosababisha mafua, sehemu kubwa ya maumivu ya koo, na kuhara kwingi kwa watoto wadogo.

Bakteria huzaliana kwa kugawanyika. E. coli, anayeongoza kwa kusababisha maambukizi ya njia ya mkojo, akipata chakula na joto linalomfaa anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa mwendo huo, bakteria mmoja anaweza kuzaa zaidi ya bilioni moja kwa muda wa saa 10. Katika umati huo hawakosekani wachache ambao vinasaba vyao vimebadilika kidogo kwa bahati tu. Dawa inapoingia, huwaua walio dhaifu na kuwaacha hao wachache, nao hubaki na uwanja mtupu wa kuzaliana.

Mbinu za waliobaki zinajulikana. Wengine hutengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijafanya kazi. Wengine huisukuma nje ya seli kama pampu inavyotoa maji kisimani. Wengine hubadilisha umbo la mahali ambapo dawa ilipaswa kunasa, kama mwenye nyumba anayebadilisha kufuli baada ya funguo kupotea. Zaidi ya hayo, bakteria wana vipande vidogo vya vinasaba viitwavyo plasmidi, ambavyo hupitishwa kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine, hata wakiwa wa jamii tofauti. Bakteria asiye na madhara tumboni anaweza kumwazima silaha mwenzake mwenye madhara.

Mwili wa mama wa Mbagala haukuzoea chochote. Huenda bakteria walioko ndani yake ndio waliochujwa, wakabaki wale wasioitii dawa. Tofauti hiyo ya maneno ni kubwa. Kama mwili ndio unaozoea, basi hasara ni ya mtu mmoja: dawa imemkataa yeye, atatafuta nyingine, na jirani hahusiki. Lakini kama ni bakteria walio sugu, basi wanahama. Wanatoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu kwa njia ya mikono, ya chakula, ya maji na ya choo kinachotumiwa na kaya kadhaa. Mtoto ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja anaweza kuugua ugonjwa usiosikia dawa.

Dar es Salaam yenyewe imelishuhudia jambo hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichunguza choo kikubwa cha watoto 603 wenye umri wa chini ya miaka 2 jijini humo. Takriban theluthi moja walikuwa wamebeba bakteria wenye kimeng'enya kinachovunja kundi kubwa la antibiotiki, zikiwamo sindano zinazotegemewa sana hospitalini. Miongoni mwa watoto waliolazwa, waliobeba bakteria hao walikuwa karibu nusu. Miongoni mwa waliokuwa majumbani, walikuwa takriban 12 katika kila 100. Kubeba bakteria hao si kuugua, lakini siku ugonjwa utakapoanza, dawa ya kwanza inaweza kushindwa.

Alama za mtihani na maarifa ya wodini

Shahada ya udaktari nchini Tanzania huchukua miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo kazini. Somo la vimelea hufundishwa katika miaka ya mwanzo, kwa Kiingereza, kwa darubini na vitabu. Wagonjwa huja baadaye. Katikati ya vipindi hivyo viwili mwanafunzi husahau mengi, na kile anachokikumbuka hukutana na desturi za wodi. Mwanafunzi huiga mkono anaouona ukiandika cheti. Akiona kila mwenye homa anaandikiwa sindano ileile, mkono wake utajifunza sindano hiyo hata kama kitabu chake kinasema vinginevyo.

Pengo hili haliko Tanzania peke yake. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwahoji madaktari na wanafunzi wa udaktari 184 kuhusu antibiotiki. Wastani wa majibu sahihi ulikuwa 4.9 kati ya maswali 8. Jambo la kutafakari zaidi ni kwamba wengi hawakujua vizuri kiwango cha usugu wa vimelea katika maeneo waliyofanyia kazi. Usugu unaweza kufahamika kama janga la dunia na bado usionekane kama janga la wodi namba fulani, kitanda namba fulani.

Kwa hiyo ufahamu wa mwanafunzi unapaswa kupimwa kwa maswali matatu. Je, anaweza kueleza usugu kwa lugha ambayo mgonjwa ataielewa? Je, anajua ni dawa zipi zinazoshindwa katika hospitali anayojifunzia, na kwa vimelea vipi? Je, yeye mwenyewe anaishi kama anavyofundishwa?

Swali la tatu ndilo linalouma. Wakati wa mitihani, koo likiwasha, ni rahisi kwa mwanafunzi kushuka hadi duka la dawa la karibu na kununua vidonge vitatu vya azithromaisini bila kipimo wala cheti. Anajua jina la dawa, anajua dozi, na anadhani kujua huko kunatosha kuwa kibali. Lakini bakteria hawatofautishi kati ya mezaji asiyesoma na mezaji msomi. Anayenunua leo bila cheti ndiye atakayeandika cheti kesho, na mazoea ya leo atakwenda nayo.

Wanaolipa gharama

Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili kati ya mwaka 2001 na 2002. Watafiti walifuatilia mahudhurio 1,828 ya watoto wa hadi umri wa miaka 7 waliolazwa kwa dalili za maambukizi makali. Katika kila watoto 100 waliothibitika kuwa na bakteria wa kundi la Gramu hasi katika damu, zaidi ya 43 walifariki. Kwa malaria, waliofariki walikuwa takriban 20 katika kila 100. Miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari ya kifo, mojawapo lilikuwa kupewa dawa ambayo kimelea chao kilikuwa sugu kwayo.

Watoto hao walikuwa wamefika hospitali kubwa kuliko zote nchini. Walipewa dawa. Kilichokosekana kwa baadhi yao ni dawa ambayo bado ingeweza kuwaua bakteria waliokuwa ndani ya damu yao. Malaria, ambayo kila mzazi wa pwani anaiogopa, ilikuwa na huruma zaidi kuliko bakteria hao.

Kwa dunia nzima, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanaonyesha kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kutokana na usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Hesabu hiyo ni kubwa kiasi cha kupoteza maana. Mwanafunzi ataielewa vizuri zaidi akisimama kando ya kitanda kimoja cha mtoto mchanga, na majibu ya maabara yakiwa na orodha ya dawa ambazo karibu zote zimeandikwa neno moja: sugu.

Homa nyingi hazihitaji antibiotiki

Mtoaji huduma anaweza kuuliza: je, nikimnyima mtoto antibiotiki na kesho akazidiwa? Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni ushahidi. Watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa waliokuja kutibiwa na kurudi nyumbani, jijini Dar es Salaam na mjini Ifakara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba takriban watoto 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa 22 katika kila 100. Maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo mitaani hutajwa kwa kila homa isiyo na jina, yalikuwa takriban asilimia 6 tu ya magonjwa yote yaliyotambuliwa.

Ushahidi mwingine umetoka Mbeya na Morogoro. Katika jaribio lililohusisha vituo 40, nusu ya vituo vilitumia mwongozo wa kielektroniki uliomwongoza mtoa huduma hatua kwa hatua katika kumchunguza mtoto, na vingine viliendelea na utaratibu wa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Katika vituo vya kawaida, watoto 70 katika kila 100 waliandikiwa antibiotiki. Katika vituo vyenye mwongozo waliandikiwa 23 tu, na watoto hao hawakupona vibaya kuliko wenzao. Kumchunguza mtoto kwa makini kuliokoa dawa bila kumhatarisha.

Hayo hayana maana kwamba antibiotiki zinyimwe wanaozihitaji. Mtoto mwenye nyumonia asipopata amoksisilini mapema anaweza kufa, na katika Afrika ukosefu wa dawa sahihi bado unaua. Kazi ya daktari ni kutofautisha. Mtoto mwenye mafua anayenyonya na kucheza anahitaji maji, maziwa ya mama na uangalizi. Mtoto anayepumua haraka, ambaye kifua kinabonyea anapovuta pumzi, anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea au aliyepata degedege anahitaji kituo cha afya saa hiyohiyo. Kwa kuhara kusiko na damu, tiba ni maji yenye chumvichumvi na sukari pamoja na vidonge vya zinki, si Flagyl.

Kaunta ya duka la dawa

Desemba 1945, Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alihutubia mjini Stockholm alipopokea Tuzo ya Nobel. Alionya kwamba ingefika siku ambapo penisilini ingenunuliwa dukani na yeyote, na mtu asiyejua angekunywa kiasi kidogo, akawafundisha vimelea kuikataa, kisha akamwambukiza mtu wa nyumbani kwake. Miaka 80 baadaye, mfano wake unafanana sana na uani kwa mama wa Mbagala.

Ni rahisi kumlaumu mwenye duka. Lakini katika maeneo ya pembezoni, duka la dawa ndilo lililo karibu, lililo wazi saa tatu usiku, lisilo na foleni. Tanzania ilitambua hilo ilipoanzisha Maduka ya Dawa Muhimu mkoani Ruvuma mwaka 2003, mpango uliowapa watoa dawa mafunzo na ruhusa ya kuuza orodha fupi ya dawa za cheti, zikiwamo baadhi ya antibiotiki. Anayeuza kapsuli nne kwa sababu mteja ana fedha ya kapsuli nne yuko katika mtego uleule wa umaskini na mteja wake. Mwanafunzi wa udaktari anapaswa kumwona kama mshirika wa kazi, si mshtakiwa. Siku akipangiwa kufanya mazoezi ya afya ya jamii Temeke au Kinondoni, saa moja kando ya kaunta hiyo itamfundisha mambo ambayo hayamo katika mihadhara.

Kufundisha hadi lugha ya nyumbani

Tanzania ilikuwa na mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa kuanzia mwaka 2017 hadi 2022, na mwingine ukafuata. Mwaka huohuo wa 2017, Shirika la Afya Duniani liliziweka antibiotiki katika makundi matatu: zinazotumika kwanza, zinazohitaji uangalifu, na za akiba ambazo zisiguswe ila kwa maambukizi yaliyoshindikana. Mipango hiyo ni mizuri. Lakini mpango hufika kwa mgonjwa kupitia kinywa cha mtu, na kinywa hicho lazima kiwe na maneno.

Mwalimu anayefundisha wodini anaweza kuanza kesho bila bajeti. Kila mgonjwa aliye kwenye antibiotiki, mwanafunzi aulizwe: tunamtibu kimelea gani, sampuli ya kuotesha ilichukuliwa kabla ya dozi ya kwanza, na dawa hii itasimamishwa lini? Kisha aulizwe swali la nne: mweleze ndugu wa mgonjwa, kwa Kiswahili, kwa nini umechagua hivi. Anayejibu matatu ya kwanza na kukwama kwenye la nne bado hajamaliza kuelewa. Vivyo hivyo, mtihani wa mdomo wa Kiswahili kuhusu usugu ungemfunulia mwalimu mapengo ambayo karatasi ya Kiingereza huyafunika.

Yapo pia mambo ambayo wanafunzi hurudia kwa kukariri, nayo yanahitaji kusahihishwa. Ule wito wa "maliza dozi" una hekima yake: mgonjwa asiache dawa katikati kwa sababu amepata nafuu, wala asiweke akiba ya kesho. Lakini siku nyingi zaidi si lazima ziwe salama zaidi. Kwa magonjwa kadhaa imethibitika kwamba tiba fupi inatosha. Nyumonia ya mtoto isiyo kali, kwa mfano, hutibiwa kwa siku 3 hadi 5 kutegemea hali yake. Kauli sahihi zaidi ni hii: tumia dawa kwa muda ulioandikiwa, na kama unafikiri uache mapema, muulize aliyekuandikia.

Neno kwa mgonjwa

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza. Anapopewa antibiotiki, aulize: ugonjwa wangu unatokana na bakteria? Kuna kipimo kinachoweza kuthibitisha? Nitumie kwa siku ngapi, na nirudi lini nisipopata nafuu? Maswali hayo si utovu wa adabu. Mtoa huduma makini huyafurahia.

Asigawane dawa na mtu mwingine, na asimpe mtoto kapsuli ya mtu mzima iliyofunguliwa kwa kukisia. Mabaki ya dawa ayarudishe kituoni au kwa mfamasia badala ya kuyaweka kabatini. Anawe mikono kwa sabuni, ahakikishe watoto wamepata chanjo zote, achemshe maji ya kunywa. Kila ugonjwa unaozuiwa ni dozi moja ya antibiotiki isiyohitajika.

Na mama wa Mbagala? Jibu analostahili si refu. Mwanafunzi angeweza kumwambia hivi: "Mama, si mwili wako uliozoea dawa. Inawezekana wadudu wenyewe ndio wamekuwa sugu, na wadudu hao wanaweza kuhamia kwa huyu mjukuu. Inawezekana pia si UTI kabisa. Mkojo unaweza kuunguza kwa sababu ya fangasi, maambukizi ya zinaa, au ukavu unaokuja baada ya hedhi kukoma. Kwa hiyo tusibahatishe. Jumatatu nenda hospitali wakauoteshe mkojo, majibu huchukua siku mbili au tatu, na wakupime sukari pia. Ukipata homa, maumivu ya ubavuni au kutapika, usisubiri Jumatatu. Mtoto ananyonya vizuri na hapumui kwa shida, basi mafua yake yataisha yenyewe. Hizi kapsuli nne nipe, nitazirudisha kwa mfamasia."

Hakuna neno gumu katika maelezo hayo. Yanahitaji dakika tatu na mtu anayekijua anachokisema. Mama huenda akanung'unika kwamba kijana amesoma miaka yote hiyo na bado hatoi dawa. Lakini atauachia ule mfuko wa nailoni.